Sketi ya Kupigia Goti

Mmeniomba niandike. Nyinyi wanangu mnaojiita wabunifu wa muonekano, mliokodi vyumba vyenye taa za duara na makochi meupe, mmenifuata mpaka mlangoni kwangu hapa Kikuyu, Dodoma, na keki mkononi, mkasema: "Mama Dafroza, sasa umestaafu, tuachie siri zako." Siri! Kana kwamba miaka yote hii nilikuwa nimefukia kitu uani. Haya, keki nimeshaila, na mla cha mwenzie na chake huliwa. Kaeni mnisikilize.

Yapo ambayo hamtayapata humu. Sitawataja wakubwa niliowavalisha wala sitasema walinilipa nini. Anayetaka hayo amuulize jirani yangu wa upande wa kushoto, anajua mambo yangu kuliko mimi. Mimi nitawaeleza kazi.

Nilianza kwa Bi. Zaituni, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa na kibanda cha kushonea nguo hapa hapa mjini Dodoma, enzi ambazo mji ulikuwa na watu wanaojuana kwa sauti za kikohozi. Siku ya kwanza nilikwenda nimejiremba, gauni jipya, nywele nimezichoma kwa kitana cha moto, nikijiona fundi tayari. Bi. Zaituni alinitazama juu mpaka chini, akasema kwa upole kabisa: "Umependeza, mwanangu. Sasa fagia." Nikafagia. Kesho yake nikafagia tena. Nyinyi siku ya kwanza mnafungua ukurasa mtandaoni na kuandika "mkurugenzi".

Nilipochoka kufagia nikadhani nitapewa mkasi. Nikapewa kigoda nje ya mlango, niangalie wanawake wanavyopita.

"Niambie yule pale anaumwa wapi," Bi. Zaituni akasema.

"Bibi, mimi si daktari."

"Na mimi si mwendawazimu. Mtazame mkono wake unakwenda wapi."

Nikamtazama. Mwanamke wa watu alikuwa anatembea na mkono unavuta blauzi chini, unaiachia, unaivuta tena. Aliyemfuata alikuwa amekumbatia mkoba tumboni utadhani ndani kuna kuku anayetaka kuruka. Wa tatu alikuwa anabana koti kifuani, na jua la saa sita lile. Bi. Zaituni akanieleza kwamba mtu akivaa nguo isiyomkaa, mkono wake unakuwa mlinzi wa nguo, na mlinzi hawezi kufanya kazi nyingine. Hawezi kuandika vizuri, hawezi kunyoosha kidole kuuliza swali, hawezi kumshika mtu mkono kwa nguvu. Shule yangu ilikuwa hiyo, na cheti sikupewa.

Vifaa vyetu mngevicheka. Cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa iliyotema majivu kwenye kila nguo nyeupe kwa makusudi, futi ya kupimia iliyofutika namba za mwanzo, na mkasi ambao ukikutwa unakatia karatasi unarudishwa kwenu siku hiyo hiyo. Halafu kulikuwa na kiti na kioo. Kiti kilikuwa cha kawaida tu, na kila mteja alilazimika kukikalia akiwa amevaa nguo iliyobanwa pini, kwa sababu mwanamke wa ofisini hashindi wima. Nyinyi mnawapiga picha wamesimama, mkono kiunoni, wamegeuza shingo. Kesho yake anakaa kwenye kikao, vifungo vinafunguka kimoja kimoja kama wageni wanaoaga.

Kioo nacho kilikuwa kimefunikwa khanga. Mteja haruhusiwi kujiona mpaka amekaa, ameinua mikono, ametaja jina lake na kazi yake kwa sauti, na ameeleza nguo inamgusaje. "Kioo kina umbea," Bi. Zaituni alizoea kusema. "Acha mwili useme kwanza." Wanawake walilalamika sana juu ya ile khanga. Wengine walijaribu kuichungulia pembeni, na kibanda chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kuchungulia upande mmoja tu, kwa hiyo walishikwa wote.

Bi. Zaituni alipofariki alikuwa ameshaniachia kile kioo na ile khanga. Nililia sana, maana mama yangu alinizaa lakini yule ndiye aliyenifundisha kuona. Nikafungua changu Kikuyu. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa walimu, manesi na makarani, watu wa sketi nyeusi moja na blauzi za kubadilisha. Tuliishi vizuri.

Kisha serikali ikahamia Dodoma. Kuhama kwenyewe tulikusikia tangu mimi binti, tukakuzoea, tukawa tunakutaja kama mtu anavyotaja kwenda kupunguza mwili. Siku moja tukaamka, wamefika kweli. Wakaja akina dada kutoka Dar na masanduku ya nguo za pwani: vitambaa vyepesi vya kupepea, suti nyeupe pe, wigi mpaka mgongoni, viatu vya mchuchumio vyembamba kama misumari. Nikawakaribisha kwa moyo mweupe. Upepo wetu wa kiangazi ukawakaribisha kwa moyo mweupe zaidi. Vumbi la Dodoma halina itifaki, linampanda mkurugenzi na mfagiaji sawasawa, na suti nyeupe ikifika ofisini saa mbili asubuhi inakuwa imeshaingia rangi ya matofali.

Hapo ndipo nikapata kazi za kweli. Alikuja mwanasheria mmoja, dada mweusi wa kung'aa, mzuri mpaka nikasahau futi niliiweka wapi. Nguo zake zote nyeusi. Nikamuuliza ana msiba wa nani.

"Sina msiba, mama. Shangazi yangu alinifundisha mtu mweusi kama mimi asivae rangi, atatisha watu."

"Shangazi yako yeye anavaa nini?"

"Yeye ni mweupe."

"Weupe wa kuzaliwa au wa kununua?"

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nilimkatia gauni la zambarau, rangi ya zabibu za Makutupora zikiiva, nikamkalisha kwenye kiti bila kioo. Alipofunua khanga akajitazama, akauliza kwa hasira: "Kwa nini hamkuniambia mapema?" Utadhani nilikuwepo siku shangazi anaongea. Lakini nilimwelewa. Mtu ukimwibia rangi tangu utotoni, siku anarudishiwa anataka kujua mwizi.

Nisisahau sare za Siku ya Wanawake, maana bila hizo ningekufa na akili zangu zote. Ofisi nzima inanunua kitenge kimoja, kisha kila mmoja anakuja na picha kwenye simu, na picha ni moja: mlimbwende amesimama kando ya bwawa la kuogelea. "Mama, nishonee kama huyu." Nawauliza: "Huyu mwenyewe anakuja lini kupimwa?" Wananuna. Wiki ya mwisho wanaleta wote kwa pamoja, wanataka kesho, na wa mwisho kuleta ndiye wa kwanza kupiga simu. Nilishona, nikatukana kimoyomoyo, nikashona. Asubuhi ya sherehe nasimama barabarani nawaona wanapita wamenyoosha migongo, hasira zote zinaniisha. Mwakani nazianza upya.

Sasa nifike kwa Mhandisi Paskalina, maana najua ndicho mnachokisubiri, na nyinyi mnakisimulia vibaya.

Aliingia kwangu Jumatatu asubuhi amejifunga khanga juu ya sketi, macho mekundu. Binti wa Chemba, mhandisi wa maji, mkuu wa kitengo cha kuchimba visima kwenye ofisi fulani ya umma. Mkuu kwa kukaimu, yaani kazi zote zako lakini kiti bado cha kuazima. Usaili wa kumpata mkuu kamili ulikuwa umekaribia. Akaniamkia shikamoo, na alipoamkia akapiga goti mpaka karibu na sakafu, huku ameshika khanga nyuma isifunguke.

"Marahaba, mwanangu. Nyuma kuna nini?"

Akageuka. Sketi ilikuwa imepasuka kuanzia pindo mpaka pasipotajika.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ofisini kwake kulikuwa na fundi mkuu, Mzee Nikodemu, mtu mzima kuliko wote, ambaye aliamini kile kiti ni chake tangu kingali mti. Na yeye aliomba usaili. Paskalina alikuwa bosi wake, lakini kwao Paskalina msichana haamkii mkubwa akiwa wima. Mama yake alimlea hivyo. Basi kila asubuhi, mbele ya madereva na mafundi wote, bosi anapiga goti: "Shikamoo mzee." Mzee Nikodemu anatafuta miwani. Anakunja gazeti. Anamuuliza dereva habari za tairi. Bosi yuko chini. Ndipo mzee anakohoa na kusema: "Marahabaaa, binti yangu. Haya, inuka." Baada ya hapo bosi akitoa maagizo, mafundi wanamwangalia mzee kwanza. Mzee anasema, "Tutaona." Kazi ya siku imeishia hapo.

"Sketi je?" nikamuuliza.

Kumbe ofisi iliwapeleka wanawake kwenye semina ya kujiamini, hotelini, na mtoa mada alikuwa mshauri wa mavazi kutoka Dar, dada mmoja wa begi la magurudumu. Paskalina akamweleza shida yake. Yule dada akamwambia tatizo lako ni goti. Akamshauri avae sketi ya kubana kuanzia kiunoni mpaka chini ya magoti, ngumu, isiyo na mpasuo, ili akitaka kuinama sketi imkatalie. Eti mwili utajifunza wenyewe.

Nilicheka mpaka nikachomwa na pini niliyoibana mdomoni. Jamani! Mtu kasoma, kapanda ndege, kaja kutufundisha kumfunga mtu miguu kama mbuzi wa mnadani. Goti la kufundishwa na mama lina nguvu kuliko uzi wa dukani. Asubuhi ile Paskalina alipomwona mzee, goti lilikwenda kabla ya akili, na sketi ikalia kwaaa. Madereva, watu wema, wote wakatazama mawinguni. Mama wa usafi akavua khanga yake akamfunga. Na Mzee Nikodemu, siku hiyo pekee, aliitikia upesi.

"Mama Dafroza," Paskalina akasema, "nimekuja unishonee nirudi nyumbani. Kesho naondoa jina langu kwenye usaili. Acha wampe."

"Na visima?"

Hapo akanieleza yote. Mpango wa visima vya vijiji vya kwao aliuandika yeye. Mama yake mpaka siku ile alikuwa anachota maji kwa kufukua mchanga wa mto, na mzee alishatamka kikaoni kwamba vijiji vile viko mbali, vitasubiri. Jina likitoka, visima navyo vinatoka. Nilijisikia uchungu, kisha hasira, na mimi nikikasirika natafuta futi.

"Kwanza niambie. Kwa nini usimwamkie umesimama?"

"Nimejaribu, mama. Nikisimama namwona mama yangu ananitazama. Nashinda siku nzima naona haya."

Nikakumbuka kigoda cha Bi. Zaituni: mtazame mkono unakwenda wapi. Nikamwambia aniamkie tena, taratibu. Akashuka. Safari hii sikuitikia. Nikajifanya natafuta chaki. Nikafungua droo, nikaifunga. Na nikamwona. Kushuka alishuka vizuri, mgongo umenyooka, anapendeza kumtazama. Lakini kadiri alivyongoja, shingo ikazama, mabega yakaanguka, mkono ukaanza kuvuta pindo. Nilipokuja kusema marahaba aliyeinuka alikuwa mtu mwingine kabisa, mdogo kuliko aliyeshuka.

"Goti lako halina ugonjwa," nikamwambia. "Unaumwa kusubiri."

"Sijaelewa."

"Mama yako alikufundisha kupiga goti. Alikufundisha na kubaki huko chini mpaka mtu amalize gazeti?"

Akafikiri. Hakujua. Basi akatoa simu akampigia mama yake papo hapo, wakaanza kuongea kwa lugha ya kwao, ile yenye vidoko vya ulimi katikati ya maneno, na nawaapia sikumtambua. Sauti ilikuwa kubwa, mabega yamefunguka, mkono wa pili unakata hewa. Nikasema moyoni, kumbe huyu bosi yumo humu ndani, amefungiwa tu. Alipokata simu alikuwa anacheka na machozi.

"Anasema goti ni langu. Nikishaamkia nimeamkia. Kama mtu haitikii basi hajasikia, na asiyesikia nitamsubiri mpaka lini, na mbuzi wako shambani?"

"Mwambie mama asante. Simama nikupime."

Nilimshonea sketi ya bluu ya usiku, kitambaa kizito chenye kuanguka chenyewe, kiuno kimekaa sawa, mbele imenyooka kama ya afisa yeyote. Nyuma nikaweka marinda mawili ya boksi, marefu, yamefichwa, na ndani yake bitana ya rangi ya haradali. Ukisimama huyaoni. Ukishuka yanafunguka, goti linapata nafasi yake. Ukiinuka yanajifunga bila kuguswa, mkono hauna kazi huko nyuma. Juu yake koti la haradali, mabega yake mwenyewe, si ya kuazima kwa masponji. Alipoliona akarudi nyuma.

"Mama, hili nitaonekana mno."

"Ulitaka wamchague mtu wasiyemwona?"

Wigi aliloshauriwa kuvaa kule semina tukalipa likizo, akasukwa twende kilioni nyembamba, safi, uso wote ukatoka nje. Viatu nilimpa vifupi, vya kukanyagia. Ndipo tukaanza mazoezi, na hapa ndipo nataka mnisikilize, maana mnapenda kuruka sehemu hii. Nguo peke yake ni kitambaa. Nilivaa miwani yangu, nikashika gazeti, nikawa Mzee Nikodemu. Shikamoo, shuka, inuka, hatua moja mbele. Aliganda. Tukarudia, akaganda tena, magoti yanamwambia subiri. Wateja waliokuwa benchi wakaacha kusubiri nguo zao, kila mmoja akataka zamu ya kuwa mzee. Nesi mmoja alikohoa vizuri kuliko wote, mpaka tukambatiza Nikodemu na jina limemganda hadi leo. Tulicheka tukalia. Mpaka jua linaelekea kuzama, Paskalina alikuwa anashuka na kuinuka kwa pumzi moja, na nesi bado anatafuta miwani.

Siku ya usaili nilikwenda ofisini kwao. Kisingizio changu kilikuwa kifungo. Nilikuwa na uzi na sindano mkononi, mlinzi akaamini, nikakaa naye kwenye benchi la getini. Mzee Nikodemu alikuwa barazani, suti ya kahawia, gazeti limefunguliwa. Madereva wamejipanga kivulini utadhani kuna mpira. Gari la wasaili likaingia, wakateremka, mama mmoja wa makamo akiwaongoza, na wakati huo huo Paskalina akatokea upande wa pili. Moyo wangu ulikuwa unapiga cherehani.

Alikwenda moja kwa moja kwa mzee. Hakumkwepa, hakuharakisha. "Shikamoo mzee." Akashuka mpaka chini, goti kamili la kwao, marinda yakafunguka, haradali ikawaka.

Mzee Nikodemu akakunja gazeti. Akapapasa mfuko wa koti kutafuta miwani.

Alipoinua uso, mbele yake palikuwa na uwanja mtupu. Paskalina alishainuka, amefika kwa wageni, amemshika mkono yule mama na kusema kwa ile sauti ya simu: "Karibuni sana. Ukumbi uko huku, nitawaongoza." Wakamfuata. Dereva mmoja akakimbia kuwafungulia mlango, na sijawahi kumwona dereva wa serikali akikimbia.

"Marahaba," mzee akasema.

Marahaba yenyewe ilitoka ikatukuta mimi na mlinzi tu. Mlinzi, mtu wa watu, akaipokea kwa heshima zote: "Ahsante mzee."

Kiti alikipata. Na msije mkaandika huko kwenye kurasa zenu kwamba sketi ilimpa cheo, nitawafuata mmoja mmoja. Cheo alipewa na visima na kichwa chake. Mimi nilimwondolea kizuizi mlangoni basi. Mzee Nikodemu walifanya naye kazi mpaka akastaafu, na nasikia tangu siku ile alikuwa anaitikia goti likiwa bado njiani. Hata yeye ilimsaidia, gazeti likawa linasomeka kwa mfululizo.

Baada ya hapo nilishona sketi za namna ile nyingi tu. Walikuja mahakimu, wahasibu, walimu wakuu, na si wote walikuwa wa kupiga goti. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kusubiria: mwingine anangoja aruhusiwe kusema, mwingine anangoja mtu acheke kwanza ndipo ajue amependeza. Kazi yenu ni kupaona mahali hapo kabla hamjashika mkasi. Ukishapaona, kitambaa kitakwambia chenyewe.

Mimi hakuna aliyenistaafisha ila tundu la sindano. Lilianza kuhamahama. Nikiliona kushoto uzi unapita kulia, na siku niliposhona mkono wa koti la hakimu ndani nje nikajua basi. Mkanifanyia sherehe pale pale kibandani, na kwa ukarimu wenu mkavaa sare, tena mshono wa yule yule wa bwawa la kuogelea. Asanteni. Mlinikomesha.

Mlikuwepo, lakini mlikuwa mnapiga picha keki, kwa hiyo hamkuona vizuri. Gari la visima lilisimama nje likiwa jekundu kwa vumbi la Chemba. Paskalina akashuka na mafundi wake na madereva wake, wanaume wazima wakimsubiri yeye ndiye atangulie. Alikuwa amevaa ile sketi. Imepauka, pindo nimelirudia mwenyewe mara mbili. Akaniambia mama yake sasa anakinga maji bombani karibu na nyumba na analalamika kwamba hana tena pa kupigia soga. Kisha akapiga magoti, yote mawili, kwenye sakafu yangu yenye vipande vya nyuzi.

"Shikamoo mama."

Marahaba ni neno jepesi. Nimelitoa maisha yangu yote bila hata kuondoa pini mdomoni. Siku ile nilifungua mdomo halikutoka. Machozi yakanishuka mbele ya madereva wa watu, nikageuka nikajifanya natafuta miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa. Nikampungia mkono ainuke. Inuka, mtoto, si nilikufundisha mwenyewe? Watu wako wanakutazama.

Akatikisa kichwa. Mgongo umenyooka, mabega yako mahali pake, mikono imetulia mapajani.

"Usiharakishe, mama," akasema. "Wewe nakusubiri."